Chumba Namba Nne, Mara ya Tisa

Bupe, simama kidogo. Usilie.
Tumerudia mara nane na mara zote unalia
vizuri, kama ulivyofundishwa,
hata fundi wa sauti anapangusa pua.
Lakini hapa hatukulia.
Hapa tulitega sikio kwenye jiko la mama mwenye gesti
kama maji ya kuoga yameshachemka,
maana Makambako mwezi wa saba
upepo unapita hata kwenye tundu la ufunguo,
na ndoo ndogo ya maji moto ilikuwa mia tano.

Shusha mabega. Hesabu noti
kwa kidole gumba tu, macho mlangoni.
Ukizitazama atajua kwako ni nyingi.

Nilikuwa na kaunta buku, kwaya tatu.
Mbele niliandika hesabu:
dereva wa shaba, kalipa;
utingo wake, mkopo mpaka arudi Tunduma;
sabuni, kodi, dawa ya kifua;
mwalimu aliyeomba nimwite baba Neema,
hakudai chenji.
Nyuma, daftari likiwa kichwa chini,
niliandika vitu ambavyo sikujua bei yake:
mzee wa tela aliyelala na viatu
akibembeleza breki za Kitonga usingizini;
Subilaga wa namba sita, akifua,
akiimba tenzi sauti ya pili peke yake,
kana kwamba kwaya yote iliyobaki
ipo ng'ambo ya ukuta.

Hesabu zikaja kutoka mbele, hadithi kutoka nyuma,
mwaka wa nne zikakutana ukurasa mmoja:
juu deni, chini Subilaga,
ambaye wakati huo hakuwa akifua tena.
Nikanunua daftari jingine.
Hilo nililianza kwa nyuma.

Bwana Kihwele, mchapishaji, Iringa,
alisoma siku mbili, akavua miwani.
"Dada, huyu lazima afe. Au aokoke.
Msomaji atadai fundisho."
Nikamuuliza: akifa, kodi ya Januari nani alipe?
Akacheka mpaka akakohoa, akachapa nakala mia tatu.
Nusu walikula mchwa.
Nusu zilinunuliwa na wanawake
waliozifunga kwa gazeti kama utumbo
wakazipitisha sokoni chini ya mchicha.

Halafu wakaja vijana na kamera yao.
Walitaka nicheze mwenyewe, kigauni,
mvua ya bomba.
Nikawataja bei. Wakanuna.
Hata kule nilikotoka, watu walipatana kwanza.
Basi nikalima viazi, misimu miwili,
na taa hizi unazoona, Bupe, ni magunia arobaini.
Kwa hiyo usizitazame hovyo.

Mama amekuja leo kutoka Lyamkena
na chupa ya chai na viazi vya kuchemsha,
kaka zangu walimwambia ni filamu ya mambo ya biashara.
Amekaa juu ya kreti la soda, nyuma ya waya.
Kitabu changu anacho miaka sita,
amekitia kwenye sanduku pamoja na cheti cha kipaimara.
Sijawahi kumuuliza kama amekifungua.
Yeye naye hajawahi kuniuliza
zile hela za bati zilitoka wapi.

Haya. Kimya. Mara ya tisa.
Bupe anakaa ukingoni mwa kitanda.
Kidole gumba. Macho mlangoni.
Mahali fulani, ndani ya uso wake,
ndoo inaanza kuchemka.
Ndiyo. Hapo hapo. Sipumui.

Kisha sauti kutoka kwenye kreti:
"Lile shuka ni langu."

Wote wamegeuka.
"Lile la maua. Nililidarizi mwenyewe.
Nimelitafuta mwaka mzima, nikamsingizia mke wa Ambakisye."

Anaruka waya mmoja, wa pili,
anaingia katikati ya taa,
anamwinua Bupe kwa kiwiko kama mtu aliyekalia mboga,
analivuta shuka, analikung'uta,
pembe mbili anazishika yeye,
mbili ananinyoshea mimi.

"Shika huko," anasema. "Vuta."

Kamera bado inakwenda.
Navuta.